Kicheko cha Meja

Kuku walio hai hutulia kwenye mwanga wa buluu, kwa hiyo chumba cha kutundika cha kiwanda cha kuchinja kuku kiliwekewa taa za buluu, na watu wakafanya kazi humo kama wako chini ya maji. Mkanda ulileta kuku. Meja Tunstall alimshika miguu, akampindua, akamning'iniza kwenye pingu za mnyororo uliopita mbele ya uso wake, na kabla hajavuta pumzi, mwingine alikuwa amefika. Kuku akipinduliwa hunya. Mavi yaliingia ndani ya glavu, vumbi la manyoya likapenya kwenye barakoa. Vidole viwili vya mkono wake wa kulia vilikuwa vimekataa kunyooka tangu majira ya baridi. Kila alfajiri alivinyoosha kwa mkono wa kushoto, akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, kabla mkewe hajaamka.

"Mbwa wangu!" Lavelle Whitmire alipaza sauti kutoka ng'ambo ya mkanda. "Upo?"

"Nipo, mbwa."

"Mbwa gani wewe, unatundika kuku badala ya kuwala?"

"Mbwa aliyeng'oka meno. Tazama mbele yako, huyo anakukimbia!"

Wote waliokuwa kwenye mkanda ule walikuwa weusi, na wote waliitana hivyo. Katika mji wao mdogo wa Mississippi, mwanamume hakumwita mbwa mtu asiyempenda. Siku walipobeba jeneza la mama yake Meja, Lavelle alikuwa nyuma yake. "Jikaze, mbwa wangu," alinong'ona. Katika mazishi yale yote, ndilo neno pekee ambalo Meja alilikumbuka.

Jina lake la kuzaliwa lilichaguliwa na bibi yake. Bibi alifua nguo za wazungu maisha yake yote, na alimsikia mumewe akiitwa nao "kijana", kama mtoto, mpaka siku aliyozikwa. "Huyu," alisema akiwa amempakata mjukuu, "watamwita kwa cheo, wapende wasipende."

Kirby Haskew, mzungu aliyekuwa msimamizi wa chumba, hakuwahi kulitamka jina hilo. Siku ya kwanza alilisoma kwenye kitambulisho, akauliza, "Meja wa jeshi gani?" akaondoka bila kungoja jibu. Tangu hapo alimwita "wewe wa mwisho," kwa sababu Meja alisimama mwisho wa mkanda.

Asubuhi moja, wakati wa mapumziko, Haskew aliegemea mlango huku watu wakila mikate yao.

"Vipi, mbwa wangu?"

Kila mtu alitazama mkate wake. Meja, aliyekuwa karibu naye kuliko wengine, alicheka. Hakujua kwa nini. Kilikuwa kicheko kifupi, kile kinachomtoka mtu polisi anapomsimamisha barabarani na kumtania. Haskew naye akacheka, akampiga begani.

Baada ya hapo ikawa kila siku. Kwanza lilikuwa "mbwa wangu". Kisha "wangu" likadondoka. Kisha ikaja mluzi. Siku ya Alhamisi Haskew alisimama mlangoni akamwita huku akipigapiga paja lake kwa kiganja, na Meja akaenda.

Jioni ile alimweleza mkewe. Renita aliacha mwiko ndani ya sufuria ya mboga na mfupa wa nguruwe, akashika kiuno. Mimba yake ilikuwa ya miezi saba.

"Ukaenda?"

"Nilienda."

"Basi nenda tena."

"Renita, kapiga paja."

"Nimesikia. Nisikilize na wewe, mpenzi wangu. Presha yangu haishuki, daktari kasema watanipasua. Bima ni ya kiwanda. Mvumilie miezi miwili tu. Huko akuite anavyotaka, mimi hapa nitakuita jina lako."

"Na huyo humo ndani? Atasikia baba yake anaitwa nani?"

"Huyo kwanza azaliwe," alisema Renita, na akarudi kwenye sufuria ili Meja asione machozi yake.

Kesho yake, kuku wakiwa wamejaa mkandani, mluzi ulilia.

"Mbwa! Njoo hapa."

Meja alitundika kuku.

"Mbwa! Huna masikio?"

"Niite kwa jina langu, bosi, nitakuja."

"Unasemaje?"

"Jina langu ni Meja. Limeandikwa hapa kifuani."

Haskew alisogea, akakitazama kitambulisho. Midomo yake ilifunguka, na kwa muda ilionekana kama atalisema. Kisha akanyoosha mkono akabonyeza kitufe chekundu. Mnyororo ukasimama. Kuku waliokwisha kutundikwa walining'inia wakipiga mabawa hewani.

"Mnaona?" Haskew aliwaambia wengine. "Kazi imesimama kwa ajili ya huyu."

Waliitwa ofisini kabla ya chakula cha mchana. Bi. Hollister, mkuu wa utumishi, alikuwa na sauti ya upole na bakuli la peremende mezani. Alimsikiliza Meja mpaka mwisho bila kumkatiza. Kisha akamwita Lavelle, aliyeingia ameshika kofia kwa mikono miwili. Lavelle alikuwa na binti mgonjwa wa selimundu, na dawa za mtoto zilitoka kwenye bima ile ile.

"Bwana Whitmire, ni kweli mnaitana mbwa humo ndani?"

"Tunaitana, mama. Lakini..."

"Na wewe humwita mwenzako hivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Na yeye hukasirika?"

"Hapana. Ila mimi na yeye ni..."

"Siku Bwana Haskew alipomwita hivyo mara ya kwanza, ulikuwepo. Mwenzako alifanya nini?"

Lavelle alimtazama Meja. Macho yake yaliomba kitu. Meja hakujua kama ni msamaha au ruhusa.

"Alicheka," alisema Lavelle.

"Asante. Ni hayo tu."

Meja alitafuta uongo katika maneno yale, akaukosa.

"Mimi nilidhani ndivyo wanavyopenda," alisema Haskew, kama mtu aliyeumizwa. "Nilitaka tuwe kitu kimoja."

"Basi alitamke jina langu," Meja alisema. "Hapa hapa, mara moja tu. Alitamke, nirudi mkandani sasa hivi, na malalamiko yangu nayafuta."

Haskew alichukua peremende, akaanza kuifungua karatasi polepole.

"Hilo silo lililotuleta hapa," alisema Bi. Hollister. "Kilichotuleta ni kwamba uliitwa na msimamizi wako ukakataa kwenda, na kazi ikasimama. Kitambulisho utakiacha getini. Bima yako inaisha mwisho wa mwezi huu."

"Mke wangu anajifungua mwezi wa pili kutoka sasa."

"Pole sana, Bwana Tunstall."

Katika miaka yote aliyofanya kazi pale, hakuna aliyekuwa amewahi kumwita bwana.

Alitoka kwa njia ya uani, buti zake ndani ya mfuko wa plastiki. Watu wa chumba cha kutundika walikuwa nje kwa mapumziko, wamesimama kwenye kipande kidogo cha jua, barakoa zimeshushwa shingoni. Hakuna aliyekuwa akitania. Walipomwona waliacha kutafuna.

Lavelle alitoka katikati yao hatua chache. Akainua mkono, akafungua mdomo kumwita. Neno lile la siku zote lilifika menoni; Meja aliliona pale. Lavelle akafunga mdomo. Akajaribu tena, na uso wake ukawa kama wa mtu anayepapasa mfukoni kutafuta kitu alichokuwa nacho asubuhi.

Meja alisimama akingoja. Kwa Lavelle angeitika. Hata leo, angeitika.

Kutoka ndani, mluzi wa Haskew ukalia.

Vichwa vyote vikageuka kwa pamoja. Lavelle alitazama chini, akapandisha barakoa, akawafuata wenzake kwenye mwanga wa buluu. Uwanja ukabaki mtupu. Ndipo Meja alipotazama miguu yake, akaona mmoja umekwisha kuelekea mlangoni.