Asali ya Tende ya Mwaka wa Mvua

Mwaka ule mvua ilizikuta tende za Kuriyat, pwani ya Omani, zimeiva mtini, zikavimba maji. Ghaliya akamwonya mumewe kwamba asali ya tende hizo itachacha, asiizibe chupani. Sleyum akamzaba kofi.

"Kwetu asali huzibwa siku ile ile," akasema, akavigongomea vifuniko kama mwenye kisasi.

Walipokuja watu kumposa binti yao, Sleyum aliipakata chupa moja aifungue. Ikampasukia usoni. Vigae vikamchana macho, damu na asali zikamtiririka kanzuni, na sebule nzima ikanuka ulevi. Wageni wakainuka, wameziba pua.

"Ghaliya, nshike, sioni."

Ghaliya akampita, akawasindikiza wageni kwanza, mpaka kwenye gari.