Pumzi ya Shangazi Phikul

Mama Bualai, muuza saladi ya papai sokoni, hakujua kutwanga bila muziki. Mkono wake ulizoea hivyo tangu ujana: wimbo ukianza, na mchi unaanza, na papai bichi, pilipili, ndimu na samaki wa kuvundikwa vinachanganyika kinuni mpaka mtu anameza mate kabla hajaletewa sahani. Mwenye spika alikuwa muuza betri wa kibanda cha jirani, na spika yake haikuwa na mapumziko.

Lamduan, mke wa mwanawe, ndiye aliyekuwa akipiga video. Aliegemeza simu kwenye mfuko wa mchele, akampakata mtoto wake Khaopun, akaiacha simu ijionee. Watu wa wilaya nzima waliuzoea ukurasa wake. Wengine walifika sokoni wakiuliza, "Yule bibi wa kwenye simu yuko wapi?" Naye Mama Bualai hujifanya hasikii, huku anajipangusa jasho na kujiweka sawa.

Shida ilikuwa zile nyimbo za spika. Zina wenyewe, na wenyewe hawakuulizwa. Onyo la kwanza la mtandao lilikuja, video ikafutwa. Kwenye iliyofuata Lamduan akaandika chini kwa adabu zote kwamba wimbo si wake, ni wa mtunzi wake. Likaja onyo la pili. La tatu likija ukurasa unafungwa, na video zote tangu alipoanza kabla Khaopun hajazaliwa zinapotea nao.

Alimwuliza mwalimu wake wa darasa la jioni la kompyuta.

"Lakini nilimtaja mwenyewe, Mwalimu."

"Nikichukua pikipiki yako nikaandika ubavuni 'hii ni ya Lamduan', utanishukuru?"

Darasa lilicheka. Lamduan naye akacheka, ingawa masikio yalimwaka.

Kesho yake akamwomba muuza betri azime spika kidogo. Akazima bila kinyongo. Mama Bualai akashika mchi, akatwanga, akasita, akatwanga tena kama mtu anayegonga mlango wa nyumba asiyoijua. Pilipili zikabaki nzima, papai likawa uji. Mteja wa kwanza akaonja, akauliza taratibu, "Mama, leo mmetwanga au mmekanyaga?"

"Mkono umepoa," Mama Bualai akasema. "Washeni kelele zenu."

"Tukiwasha, Mama, ukurasa unakufa."

"Na tukizima, kibanda kinakufa. Haya, chagua maiti yako."

Ndipo Lamduan akamkumbuka Shangazi Phikul, msusi wa ng'ambo ya barabara. Phikul alikuwa na khaen yake, mianzi myembamba iliyofungwa pamoja, na alikuwa akiipuliza kila mteja anaposubiri rangi ikolee nywelani. Alipuliza midundo ya kale, isiyo na mtunzi anayejulikana. Lamduan aliona hapo hakuna wa kumletea onyo. Alasiri akaingia saluni na mtoto kiunoni, akaegemeza simu kwenye chupa ya shampuu, akabonyeza.

Phikul alipuliza kidogo, kisha akaacha. "Hiyo simu inanikodolea nini?"

"Ni kwa ajili ya kinu cha Mama, Shangazi. Huo mdundo ni wa zamani, hauna mwenyewe. Nimesoma."

"Hauna mwenyewe, sawa. Na pumzi hii ninayoitoa kifuani ni ya nani? Ya halmashauri?"

Mteja mwenye rangi kichwani akacheka mpaka taulo likamdondoka.

Lamduan alichukua simu, akafuta alichorekodi, akamwonyesha Phikul kwamba hakikubaki kitu. "Nimekosa, Shangazi. Ningeomba kwanza."

Uso wa Phikul ukalainika. "Hata mimi sikujichukulia tu. Mwalimu wangu wa khaen alitaka sinia kwanza: maua meupe, mishumaa, udi, yai na kichupa cha pombe ya mchele. Ndipo akanifungulia midundo yake. Sasa na wewe lete sinia, niiombe roho yake, halafu nami nikujibu."

"Yai bichi au la kuchemsha?"

"La kuchemsha, mwanangu. Maombi yakiisha atalila nani kama si mimi?"

Asubuhi Lamduan akafika na sinia. Phikul akawasha mishumaa katikati ya vitana na mikasi, akainua viganja vilivyokutana mpaka kipajini, akanong'ona jina la mwalimu wake. Kisha akageuka.

"Jina langu liandikwe. Utumie kwenye kinu tu. Nikisikia khaen yangu inauza sabuni, nakuja na mkasi."

"Naomba uyaseme hayo kwenye simu, Shangazi, nikiulizwa niwe nayo."

Phikul alijichana kwanza, ndipo akasema yote, jina lake na la baba yake.

Wakavuka barabara. Muuza betri akazima spika kabla hajaambiwa. Phikul akapuliza, na mchi wa Mama Bualai ukabaki nyuma.

"Mbona unanikimbiza?"

"Mkono wako ndio unaotembea kama bata aliyeshiba, dada."

"Puliza, acha mdomo."

"Bila mdomo nitapuliza na nini?"

Wakaanza upya, polepole. Bega la Mama Bualai likalegea, kiwiko kikafuata, mara mchi ukaingia ndani ya mdundo na kukaa humo. Harufu ya ndimu ikapanda. Lamduan alishika simu kwa mikono yote miwili, na kwenye bembea ya kitambaa Khaopun akarusha miguu.

Kabla ya kuiweka mtandaoni alimwonyesha Phikul. Phikul alitaka mashavu yake yaliyovimba yakatwe, akatazama mara ya pili, akasema yaachwe. Video ikapanda, kiduara kikaanza kuzunguka: inakaguliwa. Lamduan akaosha mapapai, na kila alipokausha vidole alichungulia. Kiduara kikasimama. Hakuna onyo.

Alimbusu Khaopun shingoni penye poda. "Mama, haijafutwa. Ukurasa upo."

Mama Bualai akatazama ng'ambo ya barabara. "Basi kamwite Phikul kabla hajashika kichwa cha mtu. Wateja wamenijaa hapa, na mkono bado una moto."