Pedi za Wiyoni

Ukitaka kumtapisha Jeilani, huna haja ya kumpa chakula kibovu. Msimamishe tu mbele ya kaunta ya Abdulwahid kule Wiyoni, mjini Amu, amtazame mwenye duka akitafuna tambuu.

Kefule! Mate mekundu yamejaa shavuni, mengine yamekauka pembeni mwa midomo, vidole vyekundu hadi kwenye kucha, na vidole hivyo hivyo ndivyo vinavyofungua pakiti ya pedi za breki na kuzilaza juu ya kioo. Jeilani alikuwa mtu wa kinyaa tangu utotoni. Kikombe akishakinywea mwenzake, yeye hakigusi tena hata kikioshwa kwa maji ya moto. Na leo alikuwa amepanda boti tena kutoka Pate, safari ya ngapi hiyo, kuja kuchagua pedi kwenye vidole vile.

"Hizi za bei ya chini," Abdulwahid akasema, akimeza funda. "Hizi za kati. Na hizi ndizo ulizochukua safari iliyopita, za asili kabisa. Amu nzima huzipati za kuzishinda."

"Za asili? Asili ya wapi? Ya jaani?"

Watu waliokuwa wakingoja oili wakageuka kumtazama. Jeilani akaokota pedi moja kwa ncha za vidole, akaikwaruza kwa ukucha, akainusa, akaigonga kwenye kioo. Haki ya Mungu, hakujua anatafuta nini. Zote ni bati lenye kipande cheusi mgongoni, na zote alikwisha kuzifunga, za chini na za juu. Zikifungwa zinashika siku ile. Kesho yake unavuta mkono wa breki mpaka unagusana na usukani, na pikipiki inaendelea na safari yake. Zile za mwanzo alizitupa kwenye shimo la choo kwa hasira, na zilizofuata akazipeleka huko huko.

Pikipiki yenyewe ilikuwa Siyu, kule kisiwani Pate, ndiyo iliyomlisha. Asubuhi hupeleka samaki na kaa gatini Mtangawanda, jioni hurudi na abiria. Breki ya nyuma mchanga ulikwisha kuila, hivyo tegemeo lote lilikuwa la mbele. Wiki iliyopita alimpakia mkewe Nusra, mimba ya miezi minane, kumpeleka hospitali ya Faza. Nje tu ya mji wa Siyu pana mteremko wa mawe. Hapo breki ikakataa. Punda wa watu alikuwa amesimama katikati ya njia na mzigo wa makuti. Jeilani alimkwepa kwa rehema za Mola, wakaingia kichakani. Nusra akashuka ameshika tumbo kwa mikono miwili. Hakulia.

"Mimi na mwanangu hatukipandi tena kitu hiki mpaka kishike breki," alisema, akarudi nyumbani kwa miguu.

Mimba yake ya kwanza iliharibika mwaka juzi, akavuja damu nusura afe. Daktari alimwambia safari hii asithubutu kuzalia nyumbani. Kwa bahari ni kungoja maji yajae, na uchungu wa kuzaa haungoji maji. Jeilani alimjua mkewe: akisema hapandi, hapandi, hata mtoto awe mlangoni.

"Pikipiki umekuja nayo niitazame?" Abdulwahid akauliza.

"Niivushe bahari ili uitemee mate?"

"Pedi zangu hazina ila, Jeilani. Ila iko kwenye pikipiki. Unaitunza vipi?"

"Naiosha kila jioni kwa sabuni ya unga, kuliko unavyoosha kinywa chako!" Watu wakacheka, na kicheko kikamtia Jeilani kichwa. "Kila jioni! Na asubuhi nikiamka inanuka samaki upya, maana mizigo ya wale wachuuzi imekwisha kuingia hadi kwenye vyuma. Lakini harufu haizuii breki. Wewe ni mwizi, Abdulwahid. Unatuuzia mauti ndani ya pakiti."

Kicheko kikakatika. Neno kama hilo halitamkwi ovyo Amu. Likitamkwa asubuhi, adhuhuri limekwisha kufika msikitini kabla ya mwenyewe.

Abdulwahid akatoka nje, akatema, akarudi akipangusa mdomo kwa mgongo wa mkono. "Wallahi nakwenda nawe Siyu leo hii. Nitazifunga kwa mikono yangu, na zisiposhika nafunga duka." Akatwaa pakiti moja, akatwaa na ya pili. "Na hii ya akiba."

Jeilani akaisukuma ile ya pili ikateleza hadi mwisho wa kaunta. "Moja yatosha kunichafua roho."

Basi ile ya akiba ikabaki pale pale juu ya kioo.

Njia nzima ya bahari Jeilani alikaa ameupa upepo uso, maana kila Abdulwahid alipotema majini, matone yalitafuta pa kurudi. Huyu mtu! Na sasa itabidi amlaze na kumlisha, tena katika nyumba ambayo si yake. Kwa ada ya huko nyumba ni ya mke, baba ndiye amjengeaye binti, na mume huhamia. Baba mwenyewe, Bwana Famau, fundi wa majahazi aliyestaafu baada ya macho kuingia ukungu, alikuwa akilala kwenye chumba cha nje karibu na daka, ukumbi wa mlangoni. Mamake Nusra alikwisha kutangulia Faza kwa dada yake, akingoja siku.

"Mgeni ndoo, mwenyeji apone," Bwana Famau akamlaki Abdulwahid, akamshika mkono ule mwekundu kwa mikono yake miwili. Jeilani akatazama pembeni.

Kazi, hata hivyo, aliiweza. Abdulwahid alifungua gurudumu, akasafisha kisahani cha breki kwa petroli na msasa hadi kikang'aa, akatia pedi mpya, akapanda. Alikwenda hadi msikitini, akarudi mbio, akavuta breki mbele ya mlango. Pikipiki ikasimama pale pale, nyuma yake ikainuka.

Nusra alikuwa akitazama dirishani. "Hiyo nitapanda," akasema.

Jeilani alishusha pumzi, lakini nyongo haikushuka. Kumbe pedi nzuri anazo, alijisemea, anawaficha wateja mpaka watukane. Akaiosha pikipiki kwa sabuni ya unga kama ada yake, akaiegesha dakani, akaingia ndani.

Asubuhi jua halijapanda sawasawa, Nusra alimwamsha kwa kumkamata mkono mpaka kucha zikaingia. Uchungu umeanza. Jeilani akapiga simu kwa waendeshaji wenzake. Wote walikwisha kushuka Mtangawanda kungoja boti la Amu. Haidhuru, breki anazo. Akaitoa pikipiki, akaiwasha, na kwa sababu Nusra alikuwa mlangoni akitazama, akaizungusha kidogo uwanjani amwonyeshe.

Akavuta breki. Mkono ukafika kwenye usukani. Pikipiki ikaenda zake, ikalipiga pipa la maji, pipa likapinduka, naye akabaki amelowa hadi kiunoni. Na ile harufu ya samaki ikampanda puani, nzito, mbichi, wakati jana hakubeba hata dagaa mmoja.

Hakufikiri. Alimrukia Abdulwahid aliyekuwa ameketi barazani na tambuu yake ya kwanza, akamkamata ukosi. "Mbwa wewe! Hata chini ya macho yangu! Hata kwa mke wa mtu anayezaa!"

Abdulwahid alijitoa mikononi mwake, akaenda kwenye pikipiki, akachutama. Akapitisha kidole kwenye kisahani, akakinusa. Kisha akarudi, akakitia kidole kile chini ya pua ya Jeilani, chekundu cha tambuu na kinang'aa mafuta.

"Hii ni nini?"

Jeilani akarudisha kichwa nyuma. Nani wa Siyu asiyeijua? Sifa, mafuta ya maini ya papa, yale yapakwayo mbao za majahazi zisiliwe na maji ya chumvi. Uvundo wake ukishaingia nguoni, nguo unaichoma.

"Kuna nani hapa anayepaka jahazi?" Abdulwahid akauliza.

"Nimepaka mimi." Bwana Famau alikuwa amesimama dakani, chupa mkono mmoja, kumbi la nazi mkono wa pili, limelowa. "Kuna nini? Hupaka kila alfajiri nikitoka kusali, tangu mwanangu alipotiwa mimba. Chuma nacho huliwa na munyu, nilikiona kina kutu. Mwanangu hapandi chombo kikavu. Hizo pedi mpya nimezijaza vyema, uso na mgongo, na Fatiha nimeisoma."

"Baba," Jeilani akasema, "mbona hukuniambia?"

"Nikwambie nini? Wewe ukisikia harufu ya samaki huondoka kwenye sinia. Nikasema nitapaka kabla hujaamka, nisikuudhi."

"Kikulacho…" Abdulwahid akaanza, akamtazama mzee, akaliacha neno hapo hapo.

Bwana Famau akawageukia mmoja mmoja, macho yale ya ukungu yakitafuta nyuso. "Ni mimi niliyeizuia breki?" Akalitupa kumbi chini. "Na siku ile ya punda? Ni mimi?"

"Mtaacha kunusana mnipeleke!" Nusra alipiga kelele kutoka mlangoni, ameshikilia mwimo, jasho linamtiririka.

Abdulwahid akasema upesi kwamba pedi zile zimekwisha kunywa mafuta, leo hazishiki hata zifutwe vipi, zinatakiwa nyingine. Hakumuuliza Jeilani pakiti ya akiba iko wapi. Wote wawili walijua iko wapi. Jeilani akamgeukia mkewe. "Tutakwenda polepole, gia ya kwanza."

"Tambarare nitakubali. Ule mteremko sishuki bila breki. Utanizika hapa mlangoni."

Ulikuwa ukweli mtupu, na Jeilani akasimama na maji ya pipa yakimchuruzika, mtu mzima, hajui la kufanya. Aliyejongea ni mzee. Aliweka chupa chini, akaingia chumbani mwake, akatoka na kamba ya kushulia majahazi majini, nene, ya kumbi.

"Nimeyashusha pwani majahazi mazito kuliko hiki," akasema, akiifunga kwenye keria kwa kupapasa, fundo juu ya fundo. "Yana breki yale? Ni watu na kamba."

Nusra akaitazama kamba. "Kamba ya baba naiamini," akasema, akapanda.

Hivyo ndivyo walivyotoka Siyu. Pale mteremkoni Jeilani alizima injini, akashika usukani, akaweka miguu miwili chini. Nyuma Abdulwahid alikuwa amevua viatu na kujizungushia kamba kiunoni, na mzee nyuma yake ameshika mkia wa kamba. Mawe yakaanza kubingirika. Uzito wote ukataka kwenda, Nusra akaguta, na Jeilani akajikuta anapiga ukelele kwa mtu aliyemwita mwizi jana na mbwa leo.

"Shika, Abdulwahid! Shika, ndugu yangu!"

"Nimeshika!"

Neno lilitoka pamoja na funda zima. Likapita juu ya bega la Nusra, na Jeilani akalisikia likimpiga kisogoni, la moto, likamteremka mgongoni ndani ya shati. Hakuachia usukani kulipangusa. Walishuka hatua kwa hatua mpaka chini penye mchanga, pikipiki ikasimama, kamba ikalegea.

Alipogeuka alimwona Abdulwahid anatazama viganja vyake. Vilikuwa vimechunika, na safari hii wekundu haukuwa wa tambuu.

"Nisamehe, bwana," Jeilani akasema.

"Si hapa. Ulinitukana Wiyoni, uje uniombe radhi Wiyoni, mbele ya wale wale. Sasa nenda, mke anazaa!"

Akaenda. Nusra alijifungua Faza kabla ya adhuhuri, mtoto wa kike, mzima, mwenye kelele. Siku ya pili Jeilani akavuka kwenda Wiyoni, akasimama mbele ya kaunta ile, akasema kwa sauti mbele ya watu kwamba mwizi hakuwa Abdulwahid, na kwamba ulimi wake mwenyewe ndio uliokosa breki. Abdulwahid, viganja vimefungwa vitambaa, akampa pakiti iliyobaki juu ya kioo. Jeilani hakuikwaruza wala kuinusa. Aliitia mfuko wa kifuani, na alama ya kidole chekundu ikabaki kwenye shati.

Mzee hakuigusa tena pikipiki. Alikuwa akiizunguka kwa mbali, kama mtu aliyekatazwa nyumba.

Siku Nusra na mtoto waliporudi, Jeilani alitangulia chumbani kuwatengenezea mahali. Harufu ilimpokea mlangoni. Kitanda cha mtoto, alichokichonga Bwana Famau kwa kupapasa, kilikuwa kinang'aa chote, mbavu zake, miguu yake, mpaka kwenye kingo. Mzee alikuwa amesimama kando, kumbi mkononi.

"Mbao mbichi," akasema, bila kumtazama. "Zingeliwa na munyu."

Kichefuchefu kikampanda Jeilani hadi kooni. Akafungua mdomo. Akaufunga, akameza, macho yakamlowa maji.

"Umefikisha mpaka chini, baba?"

"Mpaka chini."

"Vizuri. Siku nyingine ukipaka, niamshe nikushikie chupa."

Akangoja hadi mzee aliposema, "Haya, mwanangu." Akatoka polepole, mzee asije akadhani anakimbia, akazunguka nyuma ya kisima, akatapika.