Nundu Kwenye Pembe ya Nne

Dorca wa Kisian alikuwa na ugonjwa ambao hakuna daktari aliyeuweza: akiona uzi wa sufu, mikono inamwasha. Ukipita kwake jioni, mboga zimeshachambuliwa na kuku wameshaingia, utamkuta kibarazani na sindano yake ya kroshia, donge la uzi limelala ndani ya karai miguuni pake lisichafuke, na blanketi linakua polepole mapajani. Alishona mraba mmoja mmoja, upana wa kiganja. Ikitimia themanini, anaiunganisha, na hiyo kazi ya kuunganisha ndiyo aliyoipenda kuliko zote, kwa kuwa hapo rangi zilizokuwa zimenuniana ndani ya kikapu hukalishwa pamoja zikapatana, zitake zisitake. Usimsemeshe wakati huo. Hata ungemwambia jiko linaungua, angekujibu "mm" na kuendelea kushona.

Na kosa lake lilijulikana. Mraba una pembe nne, na kila pembe hupewa vifundo vitatu, nafasi, kisha vitatu tena. Dorca alifundishwa na mke wa mwalimu mmoja wa misheni, mchana mmoja tu, mwaka ule alioolewa, na pembe ya mwisho akaishika vibaya. Akaitia vifundo vinne. Basi kila mraba wake ukawa na kinundu upande mmoja, kidogo sana, lakini ukipitisha kidole unakisikia. Wanawake wa kanisani walimcheka mpaka wakachoka. Walisema miraba ya Dorca ina nundu kama ng'ombe wa mumewe. Alijaribu kujirekebisha, mkono ukakataa katakata, naye akaona heri auache mkono ufanye utakavyo. Duniani kote hakuna mwingine aliyeshona hivyo.

Labda mmoja tu, na huyo alikuwa kaburini.

Huyo alikuwa Dishon, kitinda mimba wake. Akiwa na miaka tisa alianguka kutoka juu ya mpera akavunjika mguu, akafungwa plasta miezi mitatu. Mtoto alilia kutwa kucha mpaka Dorca, kwa kuchoka tu, akamtupia sindano ya akiba na mabaki ya uzi. Jamani, yule mtoto alishika kazi haraka kuliko mama yake, na nundu akaishika nayo. Wakawa wanakaa pamoja kibarazani, magoti yanagusana, kila mmoja na mraba wake, hakuna anayesema kitu, na Dorca aliona hakuna malkia anayekaa vizuri kuliko yeye. Obiero, mumewe, alipowakuta, alisema hakuzaa mwanamume aje ashone vitambaa vya viti. Akaitupa sindano chooni. Kuanzia hapo mama na mwana walishona Obiero akiwa ameenda na ng'ombe, na kufikia Dishon anamaliza shule walikuwa wameshona blanketi zima, la kijani na nyeupe, nusu yake na nusu ya mama, na Dorca mwenyewe hangeweza kukuambia mraba upi ni wa nani.

Mwaka wa themanini na tatu, Dishon akiwa na miaka ishirini na mmoja, alipanda mashua ya kupeleka mizigo visiwani. Walikuwa watano. Upepo ukawakuta katikati ya ziwa, na siku zilizofuata ziwa likawarudisha wanne, mmoja baada ya mwingine. Dishon halikumrudisha. Dorca alitembea ufukweni akiita jina lake mpaka sauti ikamkauka kabisa. Siku ya kumi na mbili Obiero alikaa na wazee wakakata shauri: mtu asiachwe bila kaburi, roho yake itazunguka boma na kuwasumbua walio hai. Kwa Waluo, aliyepotelea majini huzikwa yago badala yake, lile tunda refu la mti wa mvungunya, zito kama mtoto wa miezi sita. Linalazwa kwenye jeneza, linaliliwa, linazikwa kwa jina la mtu, na mambo yanakwisha. Dorca alilifunga tunda lile kwa blanketi la kijani na nyeupe. Alilifunga vizuri, kama anayemkinga mtu na baridi.

Tangu siku hiyo, kila Jumamosi alilifagia kaburi. Miaka kumi na mmoja. Lilikuwa upande wa kushoto wa lango, na Obiero, aliyependa kukaa hapo na kiti chake, alikuwa akikisogeza kila Jumamosi ili mkewe apite na ufagio.

Basi ikafika Novemba ya mwaka wa tisini na nne. Dorca aliingia Kisumu kutafuta uzi wa samawati, blanketi la mjukuu wake lilikuwa limebakiza safu mbili tu. Alikwenda dukani kwa Safia, mjane wa mjini aliyemuuzia uzi miaka mingi. Mlangoni palikuwa pamening'inizwa blanketi jipya, rangi ya damu ya mzee na manjano. Dorca alivutiwa. Akaligeuza upande wa nyuma, kama afanyavyo kila mshonaji anayetaka kujua siri za mwenzake, na kidole chake kikapita pembeni.

Kikakwama kwenye kinundu.

Akacheka kidogo. Akasema moyoni, kumbe kuna mjinga mwingine. Akagusa mraba wa pili, pembe ya nne, nundu. Wa tatu, nundu. Akaanza kugusa kwa haraka, safu baada ya safu, kama mtu anayetafuta chawa, na kila pembe ya nne ilimjibu. Akakaa chini pale pale, juu ya bunda la uzi, na Safia akaacha wateja akaja mbio na kikombe cha maji.

Wazo la kwanza lililompata lilikuwa baya: kaburi limefukuliwa. Lakini lile lilikuwa la kijani na nyeupe, na manjano hii, Dorca aliijua vizuri, ilifika madukani Krismasi iliyopita. Hili limeshonwa mwaka huu. Limeshonwa na mikono inayotembea juani.

Alimuuliza nani amelileta. Safia alisema ni mwanamke mmoja Msamia aitwaye Nakhungu, anatoka Awasi, kila mwisho wa mwezi huleta moja au mawili, na jambo la ajabu, hukataa kuyapeleka duka lingine lolote. Dorca alilinunua blanketi kwa pesa yote ya uzi. Hakurudi Kisian. Alishika njia ya Awasi vile vile alivyokuwa, bila kuaga mtu.

Alifika saa nane, akauliza kwa Nakhungu wa mablanketi, akaonyeshwa nyumba ya bati nyuma ya posho mill, pale wanaposaga mahindi. Alimkuta mwanamke kijana amebeba mtoto mgongoni, anaanika mtama. Dorca hakusalimu kama inavyopaswa, Mungu amsamehe. Alikunjua blanketi, akamwekea kidole kwenye pembe.

"Mwanangu, nani alikufundisha kushona hivi?"

Nakhungu alicheka kwa aibu. "Si mimi, Mama. Mimi huuza tu. Anayeshona ni mume wangu, lakini hapendi watu wajue."

Akaita kuelekea ndani. Pazia likasogea, akatoka mwanamume mwenye ndevu, anachechemea kidogo kwa mguu wa kulia, na mkononi ana sindano ya kroshia yenye uzi unaomfuata mpaka ndani ya nyumba.

Watu husema mama akimwona aliyempoteza humrukia na kumkumbatia. Dorca alimpiga kofi. Alimpiga kwa nguvu zake zote, uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na kofi lile lilikuwa limengoja miaka kumi na mmoja. Mtoto mgongoni mwa Nakhungu akaanza kulia. Kisha Dorca alimshika masikio, akamshika mabega, akamhesabu vidole kama alivyomhesabu siku alipozaliwa, na akainama kumtazama nyayo, kwa maana aliyekufa, wanasema, hakanyagi chini. Zilikuwa chini, zimejaa vumbi la Awasi.

Waliketi. Dishon alisimulia huku machozi yanaingia kwenye ndevu. Alishikilia mtungi mtupu wa plastiki usiku kucha, wavuvi wa upande wa Tanzania wakamwokota, akaugua kwao miezi minne. Alipopata nguvu alirudi. Alifika Kisian alfajiri, mwezi wa tano tangu ajali.

"Ulirudi nyumbani?" Dorca aliuliza. "Nyumbani kwangu?"

Dishon alijifuta macho. "Baba hakukuambia?"

"Aniambie nini?"

Haki ya nani! Lile la dukani lilikuwa mzaha tu mbele ya hili.

Alfajiri ile, Dishon alisema, Obiero alikuwa langoni anafungulia ng'ombe. Alimtazama mwanawe mpaka ng'ombe wa mwisho akapita. Hakumgusa. Alimwambia kwamba mwanawe ameshazikwa na matanga yameshaanuliwa, na aliyeliliwa akiingia tena kwa lango huingia na kifo mkononi; mke wa Walter, kaka yake Dishon, alikuwa mjamzito ndani ya boma. Alikuwa akitetemeka, Dishon alisema, alikuwa akiogopa kwelikweli. Akamwambia aende Kisumu angoje sokoni Kibuye, naye atamwambia mama yake kwa siri, aje amwone.

"Nilingoja wiki mbili, Mama. Nililala chini ya meza za wauza samaki. Hukuja. Nikajua na wewe umeniogopa."

Dorca aliyarudia moyoni. Wiki mbili. Kibuye! Soko ambalo angefika kabla chai haijapoa. Wiki hizo mbili yeye alikuwa kibarazani anashona blanketi la mjukuu, machozi yanaanguka juu ya uzi, na Obiero ameketi kando yake anamwambia anyamaze, kazi ya Mungu haina makosa. Na Jumamosi zile zote, mzee yule akisogeza kiti ili mkewe akafagie kaburi la tunda. Miaka kumi na mmoja alimpikia, akamfulia, akamkanda mgongo ulipomuuma, na mzee akala akashiba.

Dishon aliendelea. Baada ya Kibuye alikwenda Busia, akabeba magunia, akaoa, akahamia Awasi mwaka uliopita, mahali ambapo hakuna amjuaye. Akaanza kushona tena. Alikumbuka mama yake hununua uzi kwa Safia. Akamwambia mkewe apeleke huko na si kwingine, maana alijua iko siku mama atapitisha kidole kwenye pembe. "Nikasema, kama bado unaniogopa, utaliacha pale mlangoni kwa Safia."

Dorca alilala Awasi siku hiyo, mjukuu asiyemjua amelala juu ya kifua chake. Asubuhi alimwambia Dishon wafuatane nyumbani. Dishon alikataa, bila hasira. Alisema yeye amezikwa pale langoni, na mtu hawezi kupita kando ya kaburi lake mwenyewe kuingia kula ugali.

"Basi ngoja hapa," Dorca alisema.

Alifika Kisian saa tano. Obiero alikuwa kwenye kiti chake karibu na lango, na alipomwona alianza kulalamika: amelala wapi, watu wamemtafuta, jana hakuna aliyempa mzee chakula cha maana. Dorca hakumjibu. Aliingia jikoni, akatoka na majembe mawili. Blanketi la damu ya mzee na manjano alikuwa amelitupia begani. Alikwenda moja kwa moja mpaka kwenye kaburi alilolifagia Jumamosi kama mia tano na zaidi, akainua jembe, akalipiga.

Wakhisi, jirani yao, aliyekuwa akipita na baiskeli, aliiangusha njiani. Wanawake waliokuwa kisimani walikuja wameshika vichwa. Tangu ulimwengu uumbwe hakuna aliyemwona mama akifukua kaburi la mwanawe, mchana kweupe, amejifunga leso kiunoni kama anayelima mahindi. Mmoja alisema amerukwa na akili. Mwingine akamgeukia Obiero, akamwomba kwa jina la Mungu amzuie mkewe, amshike mkono, aseme neno.

Obiero alikuwa amesimama. Alitazama blanketi lile begani, yeye ambaye siku zote alisema vitambaa vyote ni kimoja, na macho yake yakaenda kwenye pembe yakabaki hapo. Watu wote walingoja amuulize mkewe anachimba nini.

Hakuuliza.

Dorca aliacha kuchimba. Alipumua. Kisha alilisukuma lile jembe la pili kwa mguu mpaka likagusa viatu vya mumewe.

"Wewe ndiye uliyemzika, Baba Walter," alisema. "Mfukue."

Obiero alivua koti, akalitundika kwenye lango, akainama kuokota jembe.