Pumzi ya Kobe

"Zima!"

Binti alizungusha ufunguo. Injini ikakohoa mara moja na kunyamaza. Ubavuni mwa trekta dogo la bustani, baba yake alikuwa amelala juu ya gunia, mpini wa bisibisi ndefu ameukandamiza sikioni, ncha yake ikigusa chuma cha silinda. Hivyo ndivyo alivyosikiliza injini tangu ujana wake, kama daktari na kifua cha mgonjwa. Safari hii alikawia kuinuka.

"Umesikia nini, Baba?"

"Nimesikia kila kitu, mama. Ndiyo maana sielewi."

Trekta lile walilipa jina la Kobe, kwa mwendo wake na kwa ule mgongo wa bati uliobonyea. Kobe aliwaka bila ubishi, na akisimama tu alinguruma vizuri. Lakini ukimfunga tela la miche na kumwelekeza kwenye mwinuko, alitweta, nguvu zikamwisha, akazima.

Binti aliijua sababu. Aliiweka kwa mkono wake mwenyewe.

Wawili hao waliishi kwa kitalu cha miche ya matunda nyuma ya nyumba. Mtaa mzima ulimwita mzee Fundi, kwa kuwa alitengeneza matrekta ya watu maisha yake yote, na uzeeni akabaki na hilo moja. Macho yake yalikuwa yakififia. Daktari alisema ni mtoto wa jicho. Fundi akamjibu kwamba mtoto huyo akikua atahama mwenyewe. Watu wakacheka, naye akaendelea kuendesha. Kisha asubuhi moja, binti akiwa amepiga magoti akipalilia michungwa, gurudumu la nyuma lilipita juu ya pindo la gauni lake na kulizika udongoni. Alinaswa pale, hana hata sauti ya kupiga kelele. Baba yake alipita akipiga mluzi. Hakuona kitu. Mchana akala vizuri, akasifia mboga.

Angemwambia nini? Kwamba nusura amkanyage mwanawe wa pekee? Neno hilo lingemmaliza mzee. Akaona heri ammalize Kobe, kidogo tu. Adhuhuri moja, Fundi akiwa amejinyoosha barazani, binti alichukua waya laini wa kusugulia masufuria, akausokomeza ndani ya bomba la moshi kwa kijiti mpaka ukapotea. Injini isiyoweza kutoa pumzi haiwezi kuvuta nyingine. Alifundishwa hayo na baba yake, enzi ambazo gurudumu la trekta lilimzidi kimo. Alidhani mzee angehangaika siku mbili tatu, achoke, aseme Kobe kazeeka, yaishe.

Hayakuisha. Fundi alibadilisha plagi. Akafungua kabureta, akapuliza vitundu vyake kwa mdomo hadi midomo yake ikanuka petroli. Akasafisha chujio la hewa. Akapima nafasi za valvu kwa kupapasa, macho ameyafumba, kwani kuyafumbua hakukumsaidia sana. Kila alipomaliza aliagiza, "Washa," na binti akawasha huku akitazama pembeni. Mezani mzee alikuwa akisimamisha tonge njiani, akitikisa kichwa, akibishana na Kobe kimoyomoyo. Binti alimwongezea mchuzi. Hakuwa na kingine cha kumpa.

Siku moja Fundi aliweka kiganja chake nyuma ya bomba la moshi. Binti, aliyekuwa akipita na ndoo ya maji, alisimama palepale.

"Pumzi yake hafifu," alisema Fundi. "Kama ya mgonjwa wa kifua. Unajua maana yake?"

"Maana yake nini, Baba?"

"Ringi za pistoni zimelika. Nguvu inamvuja ndani kwa ndani. Itabidi nimpasue."

"Usimfungue, Baba! Mwache apumzike. Si ametumika vya kutosha?"

"Mgonjwa hapumzishwi kabla ugonjwa haujajulikana."

Akampasua. Alitandika shuka jeupe sakafuni mwa banda ili vyuma vionekane, akavipanga kimoja kimoja kwa utaratibu wa kazi yake. Siku ya pili binti alimkuta anatambaa, anapapasa huku na huku, akitafuta kibanio kidogo cha pini ya pistoni. Kilikuwa kinang'aa karibu na kifundo cha mguu wake. Binti alikiokota, akamtilia kiganjani.

"Kilikuwa wapi?"

"Kilibingirika mbali, Baba."

Uongo juu ya uongo.

Fundi alizichukua ringi, akapitisha ukucha wa kidole gumba ukingoni mwake. Akazitumbukiza ndani ya silinda moja moja na kuupapasa mwanya wa kila moja. Akarudia. Kisha akakaa kitako kwenye shuka.

"Nzima," alisema. "Zote. Silinda haina hata mkwaruzo. Basi aliyechakaa si Kobe, mama. Ni mimi." Hakulia, wala hakununa. Alisema kama fundi anayemweleza mteja kilichoharibika. "Kamwite Spana."

Spana alikuwa mwanafunzi wake wa zamani, sasa ana gereji yake kando ya barabara. Bonge la mtu anayecheka kabla hajamaliza utani wake.

"Shikamoo, Mwalimu! Nasikia Kobe kageuka konokono!"

"Marahaba. Njoo uone mwenyewe."

Waliiunga injini pamoja. Spana alimwachia mzee akaze boliti zote, akijifanya mkono unamuuma. Kobe akawaka, akanguruma. Akafungwa tela, akatweta. Spana alichuchumaa nyuma, akaweka kiganja penye bomba la moshi. Akazima injini. Akasubiri bomba lipoe, akakunja ncha ya waya mwembamba, akavua mle ndani kama mtu anayevua samaki. Kilichotoka kilikuwa kimesokotana, cheusi tii. Alikikinga kwa mwili wake, akamgeukia binti.

"Dada," alinong'ona, "hiki hakikuingia chenyewe."

Binti aliinamisha uso.

"Macho ya Mwalimu yakoje siku hizi?"

"Mabaya."

Spana alikifutika mfukoni. "Nyigu, Mwalimu!" akapaza sauti. "Wamejenga nyumba ndani ya bomba la moshi!"

Binti alipata nafuu. Nafuu yenyewe haikudumu.

"Nyigu?" Fundi aliuangalia mkono wake, akaugeuzageuza. "Nililishika bomba lile kwa mkono huu. Nikasikia pumzi imebanwa, nikasema ringi. Spana, si nilikufundisha siku yako ya kwanza? Tazama moshi unapotokea kabla hujafungua hewa inapoingilia."

"Ah, Mwalimu! Kinyozi hajinyoi." Spana akacheka, akajikuta anacheka peke yake.

Fundi alilisukuma sanduku la vifaa kwa mguu hadi mbele yake. "Chukua. Vyote. Fundi asiyejua anachoshika atakuja kumuumiza mtu."

Spana alirudi nyuma hatua moja, kana kwamba sanduku lina moto. Alimtazama binti, na safari hii hakumsaidia.

"Si nyigu, Baba," binti alisema. "Ni mimi."

Akayatoa yote kwa mkupuo mmoja, waya, adhuhuri ile, michungwa, gauni, kama anayeogopa kuvuta pumzi katikati asije akanyamaza. Spana alikumbuka ghafla kwamba lango linahitaji kufungwa. Fundi alichukua kitambaa, akafuta mikono yake kidole baada ya kidole. Kitambaa kilipokwisha kuchafuka kote, bado alifuta.

"Ulikuwa wapi hasa? Siku ile ya gauni."

"Kwenye michungwa. Mstari wa mwisho."

"Nipelekeni."

Walimsukuma Kobe hadi pale, injini imezimwa, Spana akihema nyuma. Fundi alipanda akakaa kitini, akashika usukani.

"Nenda ulipokuwa. Piga magoti vilevile."

"Baba, si lazima. Nisamehe, lakini si lazi—"

"Siku zote hizi umeniacha nautafuta ugonjwa kwa Kobe. Sasa niache niutafute ulipo."

Binti akaenda. Akapiga magoti. Unyevu wa udongo ulipenya gauni hadi kwenye ngozi. Gurudumu lilikuwa karibu kiasi cha kusikia harufu ya mpira wake. Juu, baba yake aliinama mbele, akakaza macho, akayapeleka kushoto polepole, kisha kulia, kwa subira ileile ya kusikiliza injini. Macho yakapita juu ya kichwa cha binti. Yakarudi. Yakapita tena. Kando ya tela, Spana alijiziba mdomo.

"Haya, mama," alisema Fundi. "Umeshapiga magoti?"

Binti aliinua mkono. Akaupunga taratibu mbele ya baba yake, macho ya mzee bado yakimtafuta, kisha akauacha hewani, katikati ya majani ya michungwa yaliyokuwa yakipeperushwa na upepo.