Walio Hai Pembeni

Wenzangu wa Kaloleni, hapa Voi, Desemba ikifika, hupaka nyumba rangi. Mimi hutundika jamaa zangu ukutani.

Huwa nasema hivyo kuwatania wageni, lakini si uongo. Nina blanketi la viraka nililolishona kwa mkono, pana kama kitanda kikubwa, na kila kiraka kimekatwa kwenye nguo ya mtu wa familia yetu. Mwaka mzima hulala sandukuni pamoja na kipande cha sabuni ya kunukia. Siku chache kabla ya Krismasi, nikishafua mapazia na vitambaa vya viti, nalitoa, nalipigisha jua, kisha nalitundika juu ya kochi refu, katikati ya baluni na tepe za karatasi. Ndugu wanaotoka Mombasa kwenda Wundanyi kwa sikukuu lazima wapitie Voi, na wakipitia Voi lazima wapite kwangu wajitafute ukutani. Mtu mzima na kitambi chake utamwona amepiga magoti kwenye kochi, anacheka kwa sababu ameona kaptura yake ya darasa la tatu.

Nilianza kushona mwaka wa korona, shule zilipofungwa nami nikabaki mwalimu asiye na mtoto wa kumfokea. Jirani yangu Mutheu, fundi wa cherehani, alinipa mfuko wa mabaki ya vitambaa. Vilikuwa na rangi nzuri lakini vilikuwa vya watu nisiowajua, kwa hiyo nikafungua kabati langu mwenyewe. Harrison, mume wangu, alirudi jioni akakuta shati lake la harusi lina dirisha mgongoni. Aliligeuza mara mbili, akalirudisha kwenye hanga, akaniuliza kama maji ya kuoga yamechemka. Huyo ndiye Harrison. Ukimpa neno moja atakaa nalo wiki nzima.

Blanketi hilo nililiwekea sheria. Walio hai hukaa pembeni, kuzunguka ukingo wote, kwa sababu walio hai wanaenda na kurudi. Waliokufa hukaa katikati. Huko katikati niliacha pia viraka vyeupe visivyo na mtu, nikijua siku zetu zitafika, changu kimojawapo. Mama mkwe alipofariki, tulimzika kule juu Wundanyi, nikarudi Voi, nikafumua kitenge chake pembeni nikakihamishia katikati, na kile cheupe kikashika nafasi aliyoiacha. Familia nzima inaijua sheria hiyo. Inajua pia kwamba hakuna mkono unaogusa blanketi hilo isipokuwa wangu.

Festus, kifungua mimba wangu, alikuwa pembeni upande wa kulia. Kiraka chake ni mfuko wa shati la shule, la buluu, wenye doa la wino la kalamu iliyomvujia siku ya mtihani. Nilimchapa kwa ajili ya doa hilo. Baadaye nililikata shati hivyo kusudi, doa libaki.

Februari ya elfu mbili ishirini na mbili, akiwa na miaka ishirini na minne na cheti ambacho hakuna ofisi iliyokitaka, aliondoka na rafiki yake Mutinda kwenda kuchimba vito ng'ambo ya mpaka. Alinipigia simu kutoka Njukini, hapo mpakani. "Mathe, tumefika poa. Kesho asubuhi tunavuka. Usistress." Nikamwambia asinifunze Kiswahili cha vibanda, na avae sweta. Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyomwambia mwanangu, avae sweta. Kesho yake simu haikupatikana, na kesho kutwa, na hadi leo.

Tuliandikisha polisi huku, tukaenda kuandikisha na kule. Mutinda naye hakuonekana, na mama yake alikuwa akilia nami kwenye benchi moja. Kila Jumapili nikitoka kanisani nilimwandikia Festus kwenye WhatsApp. Nilimweleza mvua imenyesha au haikunyesha, nani ameolewa, ng'ombe wa nani amekanyagwa na treni. Kila ujumbe ulibaki na tiki moja ya kijivu. Nilijiambia kwamba huko machimboni hakuna mtandao. Miaka karibu mitatu, mwalimu mzima, nilijiambia hivyo na nikajiamini.

Krismasi iliyopita wifi yangu Eddah, dada yake Harrison, alinishika mkono jikoni. "Wifi," akasema, "kimya kingi kina mshindo. Tumwekee kijana maombi, watu wakae, moyo wako utulie." Alimaanisha matanga. Niliendelea kukatakata sukuma wiki na sikumsemesha hadi Pasaka.

Kwa hiyo mwaka huu aliposhuka kutoka Wundanyi tarehe ishirini, na tawi la saipresi la mti wa Krismasi na kiondo cha viazi, nilimpokea kwa adabu ya wageni. Nilishangaa alivyokuwa mpole. Alifua mapazia yangu bila kuambiwa, akapangusa madirisha, akanitazama mara nyingi kupita kiasi. Nikadhani anataka tupatane. Asubuhi ya pili nilimwacha anamenya viazi, Harrison amekaa barazani na redio yake, nikaenda sokoni kutafuta tepe na baluni. Niliondoka saa mbili. Nilirudi saa saba jua likiwa kichwani.

Nilitoa blanketi sandukuni, nikapanda kwenye stuli, nikalitundika kwenye misumari yake minne. Nikashuka, nikarudi nyuma hatua tatu kama ninavyofanya kila mwaka kuangalia kama limekaa sawa.

Upande wa kulia palikuwa na kiraka cheupe. Mfuko wa buluu wenye doa la wino ulikuwa katikati, ubavuni mwa kitenge cha bibi yake.

Baluni niliyokuwa nimeishika ilipasuka mkononi, na Eddah akaja mbio kutoka jikoni na kisu cha viazi, akidhani nimeanguka.

"Umemuua," nikamwambia.

"Wifi..."

"Mwaka jana ulinitaka nimzike kwa maombi, nikakataa. Sasa umengoja nitoke, umeingia kwenye sanduku langu, umemzika mwenyewe. Kwangu! Kwenye kazi ya mikono yangu!"

Alifungua mdomo. Macho yake yalinipita, yakaenda barazani redio ilikokuwa ikisoma habari, yakarudi kwangu. Akaufunga mdomo.

Ningeishia hapo ningekuwa na la kujitetea leo. Sikuishia hapo. "Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi," nikasema, "na wewe hata mimba iliyoharibika hujawahi kuwa nayo. Ungejuaje? Toka nyumbani kwangu."

Eddah ana miaka hamsini na tisa. Alizunguka hospitali na wachungaji miaka ishirini akitafuta mtoto, na usiku aliokata tamaa alilia kwenye mapaja yangu mimi. Aliweka kisu mezani taratibu. Akaenda chumbani, akatoka na mkoba wake, na alipofika mlangoni akasema, "Sawa, Mama Festus." Alilitamka jina hilo polepole, kwa upole ulionikera zaidi. Nikasikia lango likifungwa.

Nilishusha blanketi, nikalikunjua mezani, nikachukua wembe. Nilikuwa na hasira ya kufanya kazi. Nilitaka kumrudisha mwanangu pembeni kabla wageni wa Mombasa hawajapita kesho, na nilijua ni kazi ya nusu saa, kwa kuwa Eddah hushona kwa bandi ndefu za kivivu na uzi wake hukatika ukiuvuta kwa kucha.

Wembe ulikataa kupita. Uzi ulikuwa umekunjwa mara mbili na kupakwa nta. Kila baada ya mishono miwili palikuwa na fundo, na fundo limerudishwa nyuma likajifunga lenyewe. Hakuna mwanamke anayeshona kitambaa hivyo. Nikafumua mshono mmoja, wa pili, wa tatu, vidole vinaniuma, na kwenye wa nne nikaacha. Hivyo ndivyo wanavyoshona magunia ya mahindi, ili yasipasuke yakirushwa kwenye lori.

Harrison, kabla hatujaoana, alishona magunia Taveta misimu minne. Miaka thelathini na mbili ya ndoa sijamwona ameshika sindano, hata ya kurudishia kifungo.

Redio ilikuwa imezimwa. Nilipoinua kichwa alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, kama mzazi aliyeitwa shuleni.

"Ni wewe," nikasema.

"Ni mimi."

"Kwa nini?"

Alikuja akakaa kando yangu mezani. Alichukua muda mrefu kuiweka kofia yake. "Mutinda alirudi," akasema. "Mwezi wa nane. Hakuweza kuja hapa, alinitafuta stendi kwa siri, hata mamake hajui. Shimo liliwaangukia, Mama Festus. Wiki ya pili tu baada ya kuvuka. Festus alikuwa chini na wengine wawili. Mutinda alikuwa juu anavuta ndoo."

"Wakamtoa?"

"Lilikuwa shimo la wizi. Watu walikimbia. Mwenye shamba akaleta tingatinga, akafukia."

Niliuliza, kwa sauti ya darasani niliyoshindwa kuibadilisha, alijuaje kwamba Mutinda hasemi uongo.

"Nilienda," akasema. "Ile siku nilikuambia naenda Mwatate kuona mbuzi. Mutinda alinionyesha mahali. Wamepanda maharagwe. Nilikaa pale chini, sijui, nusu saa. Halafu mwenye shamba akaja akaniuliza natafuta nini, nikamwambia nimepumzika tu."

Agosti. Nilihesabu, kwa maana akili yangu ilitaka kitu cha kufanya. Jumapili kumi na saba au kumi na nane. Nilimkumbusha kwamba Jumapili zote hizo nilikaa kwenye kiti kile pale nikimwandikia Festus, na yeye Harrison alikaa mbele yangu akinywa chai. Jumapili moja nilimsomea kwa sauti nilichoandika, nikamuuliza kama nimesahau habari yoyote, akaniambia niongeze kwamba paka amezaa. Nilimwambia kwamba namchukia. Nilimwambia mara mbili, na ilikuwa kweli mara zote mbili.

"Nilijaribu," akasema. "Nikifungua mdomo, unaniuliza kama nataka chai. Unaniuliza ukiwa umefurahi. Nikamwambia Eddah, nikamwomba akuambie, nyinyi wanawake mnajua namna. Akasema hawezi, utakufa mikononi mwake. Akasema atakuja tu, awe karibu siku utakayojua. Sasa hii blanketi... wewe ndiye uliweka sheria. Nikasema ukiona utaelewa, sitahitaji kulitamka."

Kwa hiyo Eddah alijua. Alisimama pale na kisu cha viazi, nikamtukana utasa wake, na sentensi moja tu ingenifunga mdomo. Aliimeza. Alichukua mkoba wake akaondoka na tusi lile, ili nibaki mama Festus kwa robo saa zaidi.

Nilipiga simu yake. Iliita hadi ikakatika. Sikumlaumu.

Harrison hakunishika, na kama angenishika ningemsukuma. Tulikaa tukilitazama blanketi. Kitenge cha mama mkwe, najua alipolala, naweza kukupeleka nimefumba macho: juu ya chemchemi, penye migomba. Kaki ya baba yangu, najua. Kipande cha napi cha mtoto wetu wa pili aliyeishi siku nane, najua, kuna jiwe dogo. Kila aliye katikati nimemtupia udongo kwa mkono wangu. Huyu wangu wa kwanza udongo ulimkuta mwenyewe, akiwa bado na pumzi, mamake yuko Voi anamwandikia habari za mvua.

Kiraka kilikuwa kimening'inia upande mmoja, pale nilipofumua. Ningeweza kuendelea. Nilikuwa na wembe, na pembeni palikuwa na cheupe cha kuondoa. Nitasema ukweli, niliendelea. Nilifumua fundo moja moja mpaka mwisho, Harrison ananitazama na hanizuii, mpaka mfuko wa buluu ukabaki huru kiganjani mwangu, mwepesi, na lile doa. Nikauweka pale pembeni alipokuwa zamani. Nikautazama. Haukukaa. Nilijaribu kuubana na kidole, nao ulikuwa mahali pake kabisa, kingo zote zinalingana, lakini haukukaa.

Nikaurudisha katikati. Nikatunga uzi kwenye sindano, ikakubali mara ya tano. Nikaanza kumshona kwa mkono wangu, mishono midogo, kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyemzika. Harrison alinishikia kitambaa kisisogee. Nilikuwa navuta uzi kwa nguvu zote nilizokuwa nazo, kitambaa kikaanza kujikunja.

"Mama Festus," akasema. Ndipo sauti ikamkatika, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Usikaze sana. Mwache apumue."

Nikalegeza uzi.