Kamba ya Mama Anayejifungua

Huyu Benard wangu hana kifua hata kidogo! Ndivyo nilivyojiambia pale Kakuma, nimesimama mbele ya ile picha.

Mimi ni nesi wa zahanati moja ya uzazi Lodwar. Akina mama wanakiogopa chumba chetu cha kujifungulia, wengine wanakitoroka, basi nikatafuta picha ya ukutani ya kuwapa moyo. Benard, mume wangu, huuza mitumba kwenye kambi ya wakimbizi ya Kakuma. Yeye ndiye aliyenielekeza kwa Adhel, dada mchoraji kutoka Sudan Kusini. Nikamwandikia Adhel: nataka mama anayejifungua, asiye na woga.

Nilipofika akanionyesha kwanza picha zake za zamani. Moja mama amelala kama maiti, nyingine amejifunika mpaka usoni. Nikazikataa. Ebo! Nani atapata moyo kwa hizo?

Kisha akaifunua yangu. Mama mwenye tumbo kubwa amepiga magoti, macho wazi, kiunoni ana kamba nyembamba nyeusi. Vidole vyake vinafungua fundo.

Kamba ile ninayo mimi. Mimba mbili zimeshanitoka, na kwa hii ya tatu mama yangu alinifunga uzi mweusi kiunoni ili isitoke, akanikataza kuutaja kwa mtu. Nesi mzima, tena mshirika wa kanisa, ningeanzia wapi kueleza? Aliyejua ni Benard tu.

"Nani amekwambia habari za uzi?" nikafoka.

"Uzi gani, mama?"

"Usinizungushe! Wewe na Benard mnaongeaga nini?"

"Benard ananiuzia nguo tu." Adhel akanyoosha kidole kwenye picha. "Wewe ndiyo aliandika: anajifungua. Kiswahili mimi nilijifunza hapa kambi. Kufungua, najua. Kujifungua, ni yeye mwenyewe anajifungua. Sasa kama hajafungwa, atajifungua nini? Nikamwekea kamba."

Neno hilo nalisema kazini kila siku, na nilishaacha kulisikia.

"Nimekosea? Nifute?"

"Wee, usiiguse!" Kicheko kikanitoka pamoja na machozi. Bado niliogopa, niliogopa sana, na mkono wangu ulikuwa umeshashika fundo chini ya gauni. "Adhel, nina mimba."

Akautazama ule mkono.

"Kumbe kamba iko kweli," akasema. "Basi usikaze sana, mama. Ni wewe utafungua."